Mnyonge mnyongeni: kitanzi, kifungo cha maisha au hukumu ya karatasi?

Asubuhi ya tarehe 9 Machi 1950, katika gereza la Pentonville jijini London, Timothy Evans alinyongwa kwa kosa la kumuua binti yake, mtoto wa mwaka mmoja na ushei. Evans alikuwa dereva, kusoma kwake ni kwa kubahatisha, na polisi walikuwa na maelezo yake kadhaa, likiwamo ungamo, yaliyopingana yenyewe kwa yenyewe. Shahidi mkuu wa upande wa mashtaka alikuwa jirani aliyeishi chini yake, John Christie. Miaka mitatu baadaye mpangaji mmoja, akitafuta pa kutundika redio jikoni alimokuwa akipikia Christie, alibandua karatasi ya ukutani na kukuta miili ya wanawake nyuma yake. Christie naye alinyongwa Julai 1953.

Weka kando yake kesi nyingine ya nchi hiyohiyo. Novemba 1974 mabomu yaliua watu 21 mjini Birmingham. Mwaka uliofuata wanaume sita walifungwa maisha. Wanne kati yao walikuwa wamekiri, kwa kipigo kama walivyosema tangu mwanzo, na kipimo cha kemikali kilidai kwamba mikono ya baadhi yao ilikuwa na mabaki ya vilipuzi. Baadaye ikaonekana kwamba kipimo hicho kingeweza kutoa jibu lilelile kwa mtu aliyeshika karata. Na kwenye treni jioni ile walikuwa wanacheza karata. Tarehe 14 Machi 1991 wote sita walitoka mahakamani wakiwa huru, baada ya miaka 16.

Ungamo lenye shaka lilikuwapo 1950, na lilikuwapo 1975. Mahakama iliyojiamini kupita kiasi ilikuwapo mara zote mbili. Kilichobadilika katikati ni kwamba Uingereza ilisimamisha adhabu ya kifo kwa mauaji mwaka 1965 na kuifuta moja kwa moja mwaka 1969. Evans alipata msamaha mwaka 1966. Kwa maneno mengine, karatasi yake ya msamaha ilipotoka, yeye alikuwa kaburini miaka 16.

Milango si miwili

Watu wakibishana juu ya adhabu ya kifo huongea kana kwamba kuna milango miwili tu, kunyonga au kutonyonga. Ukiangalia sheria zinavyofanya kazi, ipo minne.

Wa kwanza ni kuua kweli: hukumu inatolewa, rufaa zinakwisha, mtu anauawa. Wa pili ni ule ninaouita hukumu ya karatasi. Jaji anatamka kifo kwa sababu sheria inamtaka, lakini hakuna anayenyongwa, na mfungwa anakaa miaka akisubiri jambo ambalo huenda lisije. Wa tatu ni kifungo cha maisha chenye maana ya maisha, kuingia na kutoka ukiwa maiti. Wa nne ni kifungo cha maisha chenye mapitio, ambapo baada ya miaka iliyowekwa na sheria kuna chombo kinachoangalia kama mfungwa bado ni hatari na kama kuna sababu ya kuendelea kumshikilia.

Niseme mapema kwamba mimi naelemea mlango wa nne, kwa sharti moja nitakalolieleza. Lakini sitajifanya kwamba milango mingine haina hoja.

Kosa huingilia palepale

Jambo la kwanza la kulinganisha ndilo ambalo wengi huliruka: kosa la mahakama linatokea wapi? Jibu ni kwamba linatokea mapema sana, mara nyingi kituoni, siku za mwanzo, kabla yeyote hajajua adhabu itakuwa ipi. Kitanzi na kifungo cha maisha vyote vinakula chakula kilichopikwa jiko moja.

Chukua ungamo. Watu huuliza, nani atakiri kuua ilhali hakuua? Iwao Hakamada alikiri. Alikuwa bondia mstaafu aliyefanya kazi katika kiwanda cha miso, rojo la soya iliyochachushwa, huko Shizuoka, Japani, na mwaka 1966 bosi wake, mke wa bosi na watoto wao wawili waliuawa. Alihojiwa kwa wastani wa saa 12 kwa siku, na siku ya 20 akakubali. Polisi walipeleka mahakamani maungamo 45 yaliyoandikwa kwa jina lake. Majaji walikataa 44 kwa namna yalivyopatikana, wakalikubali moja, na akahukumiwa kifo. Hapo mtu anajiuliza mwenyewe: la arobaini na tano lilikuwa na usafi gani ambao mengine hayakuwa nao?

Kisha zikaja nguo. Miezi 14 baada ya mauaji, nguo tano zenye damu zilipatikana ndani ya pipa la miso kiwandani. Hakamada alipojaribu kuvaa suruali, haikupita mapajani. Upande wa mashtaka ukasema ilisinyaa kwa kulowa. Damu ilikuwa bado nyekundu, na hilo halikumshangaza yeyote kwa miongo kadhaa, mpaka mawakili wake walipofanya jaribio la kuloweka vitambaa vyenye damu kwenye miso na kuona damu ikigeuka kahawia hadi karibu nyeusi. Tarehe 26 Septemba 2024 mahakama ya Shizuoka ilimfutia hatia na kusema wazi kwamba ushahidi ule, ungamo na nguo pamoja, ulitengenezwa na wachunguzi. Alikuwa na umri wa miaka 88.

Au chukua shahidi wa macho, anayeaminika kuliko wote. Kirk Bloodsworth alihukumiwa kifo huko Maryland, Marekani, mwaka 1985, mashahidi watano wakisema ndiye waliyemwona. Watano! Vinasaba vilimtoa mwaka 1993. Mhusika halisi alipotambuliwa mwaka 2003, ilibainika kwamba aliwahi kufungwa gereza lilelile, ghorofa ya chini yake. Mashahidi wale huenda hawakuwa waongo hata mmoja. Jicho la binadamu huona kidogo, halafu kichwa hujaza mapengo, na kila akionyeshwa picha na kuulizwa tena, mapengo yanazidi kujazwa hadi mwenyewe anaapa.

Wataalamu nao wana makosa yao, na haya ni mabaya zaidi kwa sababu yamevaa koti jeupe. Nyumba ya Cameron Todd Willingham huko Texas iliungua Desemba 1991, watoto wake watatu wakafa. Wachunguzi wa moto waliona vioo vya dirisha vimepasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui, wakasema hiyo ni dalili kwamba petroli au kitu kama hicho kilimwagwa. Leo inajulikana kwamba nyufa hizo hutokea maji ya kuzimia moto yanapogonga kioo cha moto. Ripoti ya mtaalamu aliyepinga sayansi ile ilifika kwa wakuu wa jimbo kabla ya siku ya mwisho. Willingham aliuawa Februari 2004 vilevile.

Na wakili? Calvin Burdine alihukumiwa kifo Texas mwaka 1984 huku wakili wake akisinzia mara kwa mara katikati ya kesi. Jopo la kwanza la mahakama ya rufaa ya shirikisho lilisema mwaka 2000 kwamba haijathibitishwa kuwa alisinzia katika dakika muhimu. Ilibidi mahakama nzima ikae mwaka 2001 ndipo aamriwe kesi mpya. Sina la kuongeza hapo.

Kuna pia makosa ambayo hata hayahitaji ufundi. Edmary Mpagi alihukumiwa kunyongwa nchini Uganda mwaka 1982 kwa kumuua mtu ambaye alikuwa hai. Alikaa miaka zaidi ya 18 gerezani, akaachiwa mwaka 2000. Zingatia kwamba rufaa zilikuwapo na mahakama za juu zilikuwapo. Mtu aliyedaiwa kuwa marehemu naye alikuwapo.

Kila adhabu inabakiza nini

Hapa ndipo milango inapoachana.

Nchini China kijana wa miaka 18 aitwaye Huugjilt aliuawa mwaka 1996, miezi miwili tu baada ya mauaji aliyotuhumiwa nayo. Mahakama ilimsafisha Desemba 2014. Nie Shubin aliuawa mwaka 1995, akasafishwa Desemba 2016. Mahmood Mattan, baharia Msomali, alinyongwa Cardiff mwaka 1952. Hukumu yake ilifutwa mwaka 1998 na familia ikalipwa fidia. Kwa wote hawa serikali ilifanya kile inachoweza kufanya: ilisahihisha faili. Maji yaliyomwagika hayazoleki.

Kwa Birmingham, kwa Mpagi, kwa Bloodsworth, kulikuwa na mtu wa kufungulia mlango. Nchini Marekani, hadi kufikia 2024, watu 200 waliowahi kuhukumiwa kifo tangu 1973 walikuwa wameondolewa hatia, katika kipindi ambacho waliouawa ni kama 1,600. Gawanya mwenyewe: mmoja ametoka kwa kila wanane waliokwenda. Ingekuwa ndege, shirika lingefungwa siku hiyohiyo.

Lakini nisipake rangi kifungo cha maisha. Hakamada alitoka jela mwaka 2014, kesi yake ilipoamriwa kusikilizwa upya, akiwa amepotea akilini, anaongea na watu wasiokuwapo, anazunguka chumbani kwa saa nyingi kama vile bado yuko ndani ya kuta zile. Alilipwa yeni zaidi ya milioni 217 mwaka 2025. Fedha hizo ukizigawa kwa siku zote za miaka zaidi ya 47 ya kizuizini unapata yeni 12,500 kwa siku. Anayesema kifungo kinaweza kurudishwa, na aende akamwambie dada yake Hideko, aliyezeeka akipigania kesi hiyo.

Na kuna jambo jingine ambalo sisi tunaopinga kitanzi hatupendi kulisema kwa sauti. Kifungo cha maisha kinaficha makosa vizuri kuliko kitanzi. Aliyehukumiwa kifo ana saa inayogonga, kwa hiyo mawakili wanajitolea, magazeti yanauliza, na mahakama ya juu inasoma faili mara mbili. Nchini Marekani sheria ya shirikisho inampa wakili wa kulipiwa na serikali katika hatua za mwisho za mapitio. Mfungwa wa maisha hana haki hiyo. Utafiti wa mwaka 2014 ulioongozwa na profesa Samuel Gross ulikadiria kwamba angalau asilimia 4 ya wanaohukumiwa kifo Marekani hawana hatia, na ukaonyesha kwamba wengi wao hawatoki kamwe kwa sababu hukumu zao hubadilishwa kuwa za maisha, na tangu hapo hakuna anayewafuatilia. Wanapona kamba, wanasahauliwa.

Ndiyo sababu ya sharti langu. Mlango wa nne una maana pale tu ambapo msaada wa wakili, haki ya kupima upya vinasaba na mahakama iliyo tayari kufungua jalada la zamani vinamfuata mfungwa wa maisha kama vinavyomfuata wa kitanzi. Bila hivyo tumebadilisha kaburi la haraka kwa kaburi la polepole, halafu tunajipongeza.

Hoja nzito ya upande wa kitanzi

Si ile ya kutisha wahalifu. Ni hii: kuna mambo ambayo mtu akiyafanya, kumwacha ale, alale, aamke na kuota jua ni tusi kwa waliokufa. Mama aliyezika mtoto aliyebakwa na kuuawa hasemi habari za takwimu. Anataka mizani irudi sawa, na jamii inayomwambia atulie inamwomba abebe mzigo ambao wao hawakubebeshwa. Hoja hii siwezi kuikejeli, na anayeikejeli hajakaa matangani.

Pia ni kweli kwamba kitanzi kinafunga kesi kwa mhusika huyo. Hatatoroka, hataua mlinzi, hatasamehewa na mwanasiasa kabla ya uchaguzi.

Ila mizani hiyo inarudi sawa kwa sharti kwamba uliyemnyonga ndiye. Evans aliponyongwa, mhusika halisi alibaki na uhuru wa miaka mitatu zaidi, na wanawake wengine waliuawa ndani ya miaka hiyo. Walipokosea mtu, walimpa muuaji muda.

Na katika nchi zenye rufaa za kweli, kitanzi huivuta familia ya marehemu mahakamani miaka 15 au 20, kila tarehe ikitonesha kidonda. Ukipunguza rufaa ili familia ipumzike, unarudi kwa Huugjilt na miezi yake miwili. Sijaona nchi iliyopata njia ya kunyonga kwa haraka na kwa uhakika kwa wakati mmoja.

Upande wa makosa yasiyo na mfano, tazama Rwanda. Aprili 1998 watu 22 waliohukumiwa kwa mauaji ya kimbari walipigwa risasi hadharani. Mwaka 2007 nchi hiyohiyo ilifuta adhabu ya kifo. Sababu mojawapo ilikuwa ya kikazi kabisa: watuhumiwa wengi walikuwa ughaibuni, na nchi nyingi pamoja na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha hazikuwa tayari kuwakabidhi kwa nchi inayoua. Afrika Kusini iliwahi kumkabidhi kwa Marekani Khalfan Khamis Mohamed, mshtakiwa wa bomu la ubalozi Dar es Salaam la 1998, na Mahakama yake ya Katiba ikasema mwaka 2001 kwamba serikali ilikosea kumtoa bila kupata kwanza ahadi kuwa hatauawa. Wazee wa mahakama New York hawakukubaliana kwa kauli moja kwamba auawe, hivyo akapata kifungo cha maisha. Kwa hiyo ukitaka kumkamata aliyekimbilia nje, kitanzi ni kikwazo.

Kutisha, pesa na kuta za jela

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kelele ni nyingi kuliko ushahidi.

Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia tafiti za zaidi ya miaka 30 na kutoa ripoti mwaka 2012: tafiti zile hazisemi kama adhabu ya kifo inapunguza mauaji, inayaongeza au haifanyi lolote, na zisitumike kutunga sera. Singapore inanyonga. Hong Kong ilimnyonga mtu wa mwisho mwaka 1966 na kufuta sheria mwaka 1993. Watafiti walioilinganisha miji hiyo miwili waliona mauaji yako chini kotekote na yanapanda na kushuka karibu sawa. Kanada ilifuta mwaka 1976, na mauaji hayakulipuka. Miongo iliyofuata yalipungua. Kinachomtisha mhalifu ni kukamatwa. Mwenye uhakika kwamba hatakamatwa haulizi bei ya kosa.

Kuhusu pesa, wengi huamini kwamba kumlisha mfungwa maisha yake yote ni ghali kuliko kamba. Kamba ni rahisi. Kesi ndiyo ghali. Utafiti wa mwaka 2011 ulikadiria kwamba California ilitumia dola bilioni 4 kwa adhabu ya kifo tangu 1978, na kwa muda huo iliua watu 13. Pale ambapo kunyonga ni bei nafuu, jua kuna kitu kimerukwa.

Hukumu ya karatasi

Mlango huu unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu unaonekana wa huruma. Kenya haijanyonga tangu 1987, Tanzania tangu 1994. Hukumu ziliendelea kutolewa. Rais John Magufuli alisema hadharani mwaka 2017 kwamba hana moyo wa kutia saini amri za kunyonga. Kenya ilibadilisha hukumu za watu zaidi ya 4,000 kwa mpigo mmoja mwaka 2009, na za wengine 2,747 mwaka 2016.

Kinachofurahisha hapa ni dhahiri, hakuna anayekufa kwa kosa la mahakama. Kinachosumbua ni vitu viwili. Kwanza, sheria ikisema adhabu ni kifo na si nyingine, jaji hana la kupima. Aliyepanga mauaji mwezi mzima na aliyepiga mara moja kwa hasira wote wanasomewa sentensi ileile. Mahakama ya Juu ya Uganda ilikataa ulazima huo mwaka 2009 katika kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, Mahakama ya Juu ya Kenya ikafanya hivyo kwa mauaji mwaka 2017, na Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikaiambia Tanzania jambo hilohilo Novemba 2019.

Pili, kusubiri kwenyewe ni adhabu ambayo haikuandikwa popote. Uganda ilikaa kimya, halafu mwaka 1999 ikanyonga watu 28. Mfungwa aliyekuwa akijiambia kwamba siku hizi hawanyongi alikuwa akijidanganya. Nchini Japani mfungwa huambiwa asubuhi ya siku yenyewe, saa chache kabla, kwa hiyo kila asubuhi nyayo za askari zikipita korido, watu hushika pumzi. Katika kesi ya Kigula mahakama iliweka mpaka: miaka mitatu ikipita tangu rufaa ya mwisho bila kunyongwa, hukumu inageuka ya maisha. Kigula mwenyewe alisoma sheria akiwa gerezani na kutoka mwaka 2016.

Kwa maoni yangu mlango huu ni mbaya kuliko unavyoonekana. Bunduki iliyojazwa risasi na kutundikwa ukutani iko salama kwa tabia ya mwenye nyumba tu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliondoa usitishaji wake Machi 2024. Zimbabwe ilifanya kinyume, ikafuta sheria yenyewe mwishoni mwa mwaka huo huo.

Mnyonge

Waswahili tunasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tunaitamka kila siku tukimsifu mtu tusiyempenda, wala hatusikii tena kilichomo ndani. Mnyonge na kunyonga ni maneno ya ukoo mmoja, na methali imeshakubali kwamba mnyonge atanyongwa. Inaombea haki zake tu.

Mattan, yule baharia, Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza na hakuwekewa mkalimani. Wakili wake mwenyewe, katika hotuba ya kumtetea, alimwita mshenzi aliyestaarabika nusu. Mashahidi kadhaa walikuwa wameshindwa kumtambua kwenye gwaride la utambuzi, na hilo upande wa utetezi haukuambiwa. Huko Georgia, Marekani, uchunguzi wa profesa David Baldus ulionyesha kwamba walioshtakiwa kuua Wazungu walikuwa na uwezekano mara 4.3 zaidi wa kuhukumiwa kifo kuliko walioshtakiwa kuua Weusi. Mahakama Kuu ya nchi iliupokea uchunguzi huo mwaka 1987 na, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema hautoshi kumwokoa Warren McCleskey. Aliuawa mwaka 1991.

Hapa kifungo cha maisha hakina cha kujivunia. Maskini asiye na wakili anafungwa maisha kwa urahisi uleule. Tofauti ni kwamba upendeleo wa aina hii hugunduliwa baada ya miaka, watu wakikaa na kuhesabu majalada, na wakati huo inafaa aliyeonewa awe bado anapumua.

Ukitaka kuchagua

Kama kwako haki ni kulipa, na uko tayari kukubali kwamba mara mojamoja atalipa asiyedaiwa, chagua mlango wa kwanza, ila usijifiche nyuma ya hoja ya kutisha wahalifu. Sema unachokiamini. Kama unaamini hivyo lakini hukubali kumnyonga hata mmoja asiye na hatia, basi mlango wa kwanza haukufai, kwa sababu hakuna nchi iliyojenga mahakama ya namna hiyo.

Kama unachotaka ni usalama, wa tatu na wa nne vinakupa kitu kilekile, na wa nne unawapa walinzi silaha moja zaidi: mfungwa mwenye cha kutarajia ana cha kupoteza. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema mwaka 2013 kwamba kumfungia mtu hadi afe bila njia yoyote ya kupitiwa ni kumdhalilisha. Ureno ilifuta kifungo cha maisha tangu 1884, na bado ipo.

Kama wewe ni mtunga sheria uliyeridhika na hukumu ya karatasi kwa kuwa haikuletei kelele, soma upya habari za Uganda 1999.

Mimi, kila nikirudi kwenye mizani hii, namkumbuka jaji mmoja. Norimichi Kumamoto alikuwa mdogo kati ya majaji watatu waliomsikiliza Hakamada mwaka 1968. Aliona ushahidi hautoshi na akaandaa rasimu ya kumwachia huru. Wenzake wawili walipiga kura tofauti, na yeye akapewa kazi ya kuandika hukumu ya kifo. Aliiandika. Miezi michache baadaye aliacha ujaji, na mwaka 2007 akavunja mwiko wa kazi kwa kusema hadharani yaliyopita chumbani mle. Mwaka 2018 Hakamada alipelekwa Fukuoka kumwona akiwa mgonjwa kitandani. Kumamoto alifariki mwaka 2020, miaka minne kabla ya mahakama kufikia jibu lililokuwa kwenye rasimu yake.